Mbwa wa Hongo

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mtu wa rika langu ukimwambia hivyo hakuulizi tena ni mwaka gani. Mvua ilikatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, vihenge vya nafaka vikabaki na panya peke yao, halafu panya nao wakahama. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa, mpaka michembe ikaisha. Tukala nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, tukayachemsha kwa chumvi bila ugali wa kuyasindikiza. Mwisho Serikali ikaleta unga wa mahindi ya nje, katika magunia yenye maandishi ambayo hata mwalimu wa kijiji aliyasoma kwa kubahatisha. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia lenyewe. Watoto waliulilia kwa njaa, walipoupata wakaulilia kwa ladha. Mume wangu aliumeza amefumba macho kama mtu anayekunywa kwinini. Mimi niliula. Ulimi wangu haukuwa na maringo. Maringo yangu yalikuwa mahali pengine.

Tulikuwa hatujamaliza hata kuezeka. Watu wa Serikali walituhamisha kwa lori, pamoja na vyombo, kuku na mlango tuliong'oa, wakatushusha mahali palipopigwa mistari kwa chokaa wakasema hapa ndipo kijijini. Huko tulikotoka niliacha mbwa wetu mzee. Alikataa kupanda lori. Nilimvuta kwa kamba, akajilaza chini akaniangalia, dereva akapiga honi, nikamwacha. Kwa hiyo nilifika kijijini bila mbwa, na kwa baba yangu sijawahi kuona siku hakuna mbwa uani. Nilijiona kama nimetoka nje bila kujifunga khanga.

Jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa mjane. Alinizidi umri kiasi cha kumwamkia shikamoo, nikamwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Yeye mbwa wake alikuja naye. Jike jekundu, refu la miguu, sikio moja limechanika, tumbo limeingia ndani hata katika miaka ya shibe. Kamati ya kijiji ilipogawa mashamba, mjane akapewa la mwisho kabisa, lile linalogusana na pori. Pori lile lilikuwa na nyani kama soko lilivyo na watu. Akasimama mkutanoni akauliza kwa nini yeye. Wakamjibu, "Wewe una mbwa." Hakukuwa na maneno mengine. Shamba la pembeni likawa lake kwa sababu ya mbwa, na chakula cha watoto wake kikawa juu ya miguu ya yule jike.

Langu lilikuwa katikati, limezungukwa na ya wenzangu. Nyani angefika kwangu akiwa ameshashiba kwa watu. Mbwa sikumhitaji kwa lolote. Hilo naliweka hapa mapema nisije nikajifanya nimelisahau.

Sasa nieleze habari za mtani.

Njia yetu ya kwenda sokoni, mtaa wa Ng'ambo mjini, tangu kabla hatujahamishwa ilikuwa ileile ya misafara ya zamani. Babu yangu mzaa baba aliipita na jino la tembo begani mpaka pwani na kurudi, na reli ilipokuja ikajilaza karibu yake. Pale njia inapokatiza reli palikuwa na vijumba vya wafanyakazi, na katika kimoja aliishi Mgogo mmoja, kazi yake kukaza misumari ya mataruma na kufyeka majani. Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Utani wetu umetoka kwenye njia hiyohiyo: wazee wetu wakipita Ugogo na mizigo, wenye nchi waliwadai hongo ndipo wawape njia na maji. Siku hizi ukitaja hongo watu wanafikiria rushwa ya ofisini. Zamani ilikuwa ushuru wa kupita kwa mtu. Basi yule bwana kila nikipita na kapu langu anatoka mlangoni na nyundo yake.

"Simama hapo, mpagazi! Umepita nchi ya nani?"

"Nchi ipi? Hapa Unyamwezi. Wewe ndiye umeletwa na treni kama gunia la chumvi."

"Na maji umekunywa kisima cha nani?"

"Mgogo na maji wapi na wapi? Kwenu mnaoga vumbi."

Hapo mkono wake umeshaingia kapuni, ametoka na viazi au chupa yangu ya asali. Hasira hakuna. Mtani akichukua amechukua, na anayenuna ndiye anayeaibika. Nami nikirudi jioni nikikuta amesahau kitu nje, kibuyu au koti, naondoka nacho, aje akitafute kwangu. Na neno la mtani halikamatwi. Mtani akija mbio akakuambia mumeo amefariki, unamuuliza kama alizikwa na viatu. Ndivyo tulivyolelewa. Sikumbuki hata mara moja ambayo mimi na yule Mgogo tuliambiana jambo la kweli. Isipokuwa siku ile.

Siku ile nilikuwa nimetoka sokoni, kapu limerudi karibu tupu. Nikamkuta amekaa kizingitini, na juu ya mguu wake amelala mtoto wa mbwa. Mweusi, kifua cheupe, masikio bado hayajajua yasimame au yalale. Nilijua mbwa wake alizaa, nilikuwa nimewasikia wakilia chini ya kibanda cha vyombo vya reli.

"Wenzake wako wapi?" nikamuuliza.

"Wamekufa."

"Umewala."

"Nimewazika nyuma ya tangi, pamoja na mama yao. Walianza na makamasi, macho yakajaa matongotongo, wakaharisha, mwisho wakatetemeka kama wana degedege. Huyu amebaki, sijui kwa nini amebaki."

"Amebaki kwa sababu ndiye hongo yangu," nikasema, nikainama nikamshika. "Miaka yote unanitoza. Leo mmepita nchi yangu nyinyi."

"Mtani, mwache huyo. Nakwambia kweli."

"Kweli! Wewe na kweli mlifahamiana lini?"

Nikacheka, naye akacheka. Niliyaona meno yake. Kicheko kile nimekigeuza miaka mingi kama mtu anayechagua mchele, na ninavyoona ni hivi: alicheka kwa sababu mimi nilicheka. Mtani hamwachi mwenzake acheke peke yake. Akashika upindo wa khanga yangu kunizuia, na mimi nikajua hiyo ndiyo michezo yetu, nikamponyoka. Nilipokuwa nimeshavuka reli akasimama akapaza sauti, "Mpagazi! Usimchanganye na wengine!"

Nikamjibu bila kugeuka, "Nitamchanganya na mlenda nimle!"

Nikaenda zangu nacheka. Mtoto wa mbwa ameingiza pua yake kwapani mwangu, pua ya baridi, pua ya mbwa mzima.

Mume wangu aliponiona akauliza, "Huyo wa nini?"

"Wa kulinda mlango."

"Mlango gani? Ule bado umeegemea ukutani, pale tumetundika mkeka."

"Basi atalinda mkeka."

Akatikisa kichwa. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi, na mwaka ule hata hayo machache aliyabana kama unga. "Kinywa kingine," akasema, akaingia ndani.

Mtoto yule alikuwa mzima. Alikula ukoko wa ugali wa njano, ule ambao wanangu waliusukuma pembeni, akalamba chungu, akaruka na kuku. Nikasema, huyo Mgogo, ati wamekufa! Na kwa kuwa kijiji kilikuwa kipya na mbwa wa watu walikuwa wakali kwa kila harufu ngeni, nilifanya kama mama yangu alivyokuwa akifanya: nikambeba nikampitisha nyumba kwa nyumba. Kwa kila mwenye mbwa nikamweka chini, nikamshikilia, mbwa mwenyeji akamnusa mbele na nyuma mpaka akaridhika. Watu walinisifu. Balozi wetu wa nyumba kumi alisema hata wanangu sikuwatembeza hivyo. Nikajibu kwamba wanangu hawang'atwi, wao ndio wanaong'ata. Nilitembea naye kifuani nimeinua kidevu. Naona haya sasa hivi ninapoandika, kwa jinsi nilivyokiinua.

Kwa jirani yangu ndiko alikokaa zaidi. Yule jike jekundu hakuwa na watoto mwaka huo, akampokea kama wake. Akamlaza ubavuni, akamlamba macho, akamlamba pua, akamlamba masikio ndani. Jirani yangu akaweka kigae kimoja cha chungu kilichovunjika, wakala humo wote wawili vichwa vimegusana.

"Tazama, mdogo wangu," akaniambia, "hata hawa wameingia ujamaa."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka na mwanamke yule kutoka tumboni.

Nilianza kuona pua inatoka maji. Nikasema ni moshi wa jikoni. Nilimfuta kwa pindo la khanga, nikamrudisha kwa jike jekundu, kwa sababu kwangu alilia na kwake alitulia. Kesho yake macho yalikuwa na tongotongo, nikayaosha kwa maji ya chumvi. Nikasema ni vumbi. Lakini moyoni nilishasikia sauti inapita juu ya reli, usimchanganye na wengine, na nikaizimisha kwa kugonga vyombo. Hili ndilo linalonichoma kuliko kumchukua. Nilipomchukua nilidhani ni utani. Nilipomfuta makamasi sikudhani tena chochote, nilijua, na bado nikambeba nikampeleka pale ukutani kwa mwenzangu kwa sababu sikutaka kusikia kilio chake nyumbani kwangu.

Alitetemeka, akatafuna hewa, akafa asubuhi wakati nachota maji. Nikamfukia mwenyewe. Halafu nikamwona jike jekundu amelala mlangoni kwa jirani, hanyanyui kichwa watoto wakimruka, na kamba ya kamasi inaning'inia kutoka puani mpaka ardhini.

Jirani yangu alimuuguza kama mtu. Alimkorogea uji wa ule unga, unga wa kupimiwa, akampa kwa kiganja, na mwanawe mdogo amesimama pembeni anatazama uji unavyokwenda kwa mbwa. Sikuweza kustahimili. Nikapiga magoti pale nikamweleza yote: watoto wa mbwa waliozikwa nyuma ya tangi, mtani alivyonishika khanga, alivyonipigia kelele.

Alisikiliza mkono wake uko kinywani mwa mbwa. "Alikuambia?"

"Aliniambia."

"Mtani huyo."

"Ndiyo, mtani."

Akasema, "Neno la mtani nani analishika," akaendelea kunywesha uji. Alisema hivyo kunifunika. Nilitamani anipige.

Jike likafa. Wakafa na wengine, karibu kila nyumba niliyopita na kidevu changu. Sasa mshangae: hakuna aliyeninyooshea kidole. Watu wakasema ni unga wa njano. Unga huu tangu ufike tumbo la mtu halitulii, wakasema, seuze la mbwa. Mzee mmoja akasema huko unakotoka ni chakula cha farasi. Habari ikawa unga umeua mbwa, na nilipofungua mdomo kusema sivyo, wakaniambia nyamaza mama, nawe umefiwa na wako. Walinipa pole. Nilipokea pole za watu niliowaulia mbwa wao.

Mjukuu wangu wa kike ni daktari wa mifugo. Naliandika hili kwa kujivuna na wala siombi radhi: katika ukoo uliobeba mizigo ya watu mpaka pwani, yeye amebeba sindano na watu wanamsubiri. Siku moja alikuja na kikapu, amemletea mdogo wake mtoto wa mbwa, na nikaona hakumwachia uani. Akamfungia chumba cha kuni, na bakuli lake, na kitambaa chake, akanawa mikono mpaka viwiko kabla hajawashika mbwa wetu. Nikamuuliza kosa lake nini, mbona mzima.

"Bibi, ndiyo hatari yenyewe," akasema. "Mtoto wa mbwa anaweza kuwa na ugonjwa ndani na nje akaonekana anacheza. Hujui ametoka kwa mama wa namna gani, amelala na wenzake gani. Anakaa peke yake kwanza mpaka tujue. Na hawa wenyeji lazima wawe wamechanjwa. Ule wa makamasi na degedege unapita kwa kila kitu, mate, pumzi, chombo walicholia pamoja."

"Na mtu akimtenga, yule mgonjwa anapona?"

"Wengine wanapona. Wengi wanakufa."

"Kwa hiyo kumtenga kunasaidia nini?"

"Anakufa peke yake, bibi."

Alisema kwa upole, ananifundisha. Hakujua anasema nini. Peke yake. Mmoja, mweusi, kifua cheupe, na basi.

Lakini wakati ule chanjo ya mbwa nani aliijua? Mbwa wetu walichanjwa na bahati. Nisijifiche hapo pia. Chanjo sikuwa nayo, masikio nilikuwa nayo.

Mvua ya msimu mpya ilinyesha, mahindi ya jirani yangu yakaanza kushika punje, na nyani wakateremka. Kwanza wachache, wakakaa kwenye kichuguu wanatazama kama wanakamati. Hawakumwona jike jekundu. Wakateremka wote.

Nilikwenda bila kuitwa. Nikabeba debe na rungu, nikamwambia, "Dada, mimi nitasimama upande wa pori." Hakukataa. Siku ya kwanza nyani walitucheka. Nyani anamjua mwanamke. Unapiga debe, unapiga kelele mpaka koo linachubuka, umevaa khanga, na yeye anakuvunjia bua mbele ya macho yako, anamenya hindi taratibu, anakugeuzia makalio. Yule jike angewafagia wote kwa mbio moja. Kesho yake nikavaa suruali ya mume wangu, shati lake, na kofia ya pama, nikajifunga kamba kiunoni. Nyani wakasita. Waliona mwanamume, ingawa wa ajabu.

Balozi akanikuta njiani nimevaa hivyo. "Mama! Suruali? Katika kijiji cha ujamaa?"

"Nipe wewe yako niongeze, hii inapwaya."

"Nitakupeleka kwa mwenyekiti."

"Nipeleke. Lakini njoo kwanza uvae khanga yangu ulinde wewe, tuone nyani watamheshimu nani."

Alikwenda zake anacheka. Watu wote walicheka. Jirani yangu peke yake hakucheka. Alikuwa upande wake wa shamba, mimi wangu, tangu umande mpaka jua kuzama. Alinigawia maji. Aliitikia shikamoo yangu marahaba, kila siku, bila kuiruka. Hakuniambia neno moja baya. Lakini ile "mdogo wangu" ilipotea kinywani mwake sijui siku gani, na sikuisikia tena shambani. Tuliokoa robo tu hivi, na ile robo nayo ilikuwa masazo ya nyani. Nilimpelekea mahindi yangu. Alipokea, akanirudishia kapu na vipande vya maboga ndani, kwa sababu kapu la jirani halirudi tupu, na nikajua kwamba hata deni hataki kuwa nalo kwangu.

Ndipo akaja mtani.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka ibada, wamekaa uani kwa balozi. Tuliona mtu anakuja na njia amejipaka majivu usoni, amejifunga gunia la unga wa njano kiunoni, na jogoo mikononi. Alikuwa amepata habari kwa watu waliopita relini. Alipofika penye watu akajitupa chini akalia kwa sauti ya juu.

"Wapagazi wangu! Wapagazi wangu wa miguu minne! Nani atanilipa hongo sasa? Nani atanibwekea nikija kuiba? Mmekufa bila kunilipa!"

Watu walivunjika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani kwenye msiba: anakuja kuuvunja. Anapiga mayowe ya uongo mpaka wenye mayowe ya kweli wanachoka kulia. Alizunguka anadai matanga, anauliza wafiwa wamepika nini, akaonyeshwa ugali wa njano, akasema kumbe mbwa waliwahi kwa makusudi. Hata mume wangu nilimwona ameficha uso kwenye kofia mabega yanamtikisika. Jirani yangu alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, mikono mapajani, na mdomo wake ulikuwa unaanza kulegea.

Mtani akasimama, akajifuta majivu, akashika jogoo juu.

"Balozi," akasema, "mimi ndiye mwenye makosa. Nilimpa mpagazi huyu mbwa mbovu, kwa sababu Mgogo hampi Mnyamwezi kitu kizima. Nimekuja na faini yangu. Huyu hapa. Mchinjeni, mle, mnitukane, iishe."

Watu wakashangilia. Na mimi nikaelewa alichokuja kufanya. Alitembea kutoka relini na majivu usoni kuja kuninyanyulia mzigo. Mtani akitoa kitu kibaya hakuna kosa, ndio utani wenyewe. Anatozwa jogoo, anatukanwa, watu wanakula, na lile jambo halina mwenyewe tena. Jike jekundu angekuwa amekufa kwa utani. Shamba lingekuwa limeliwa kwa utani. Na mimi ningerudi kuwa mdogo wa mtu.

Balozi alipokea jogoo. "Vizuri sana. Mtani alitoa mbwa, mtani amelipa. Neno limekwisha." Akanigeukia. "Mama, wewe ndiye uliyepewa. Sema mbele ya watu kwamba alikupa, tuchinje."

Nilimtazama yule Mgogo. Macho yake yalinisihi, chini ya majivu. Nilifikiri: nikisema alinipa, basi hakunizuia. Basi hakunishika khanga, hakusimama relini akapaza sauti. Neno moja la kweli alilowahi kuniambia litakuwa halikusemwa, na yeye atabaki kuwa mtu aliyemtuma mbwa mgonjwa kijijini kwa kicheko. Mjane yule atakula nyama ya jogoo, na atakwenda kulala akijua kwamba mwongo ni mimi.

"Sikupewa," nikasema. "Nilichukua mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Mume wangu akaniita kwa jina la mwanetu mkubwa, chinichini, kwa namna ya kunionya. Mtani akanijia karibu. "Mpagazi, usiniharibie msiba wangu. Nilikupa. Nilimtia mkononi mwako. Mnataka kubeba mpaka lini, nyie watu?"

Balozi alikuwa amemshika jogoo miguu, kichwa kinaning'inia, hajui amrudishe au amchinje.

Ndipo jirani yangu akanyanyuka kutoka kwenye kinu. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu, kama tulivyokuwa tukisimama siku za kwanza tukinong'ona habari za watu. Alikuwa amekonda. Akanishika kiganja.

"Mdogo wangu," akasema. Ndiyo, aliita hivyo, mbele ya wote. "Sema alikupa. Niache nicheke. Nimechoka kukuitikia na moyo umefungwa. Neno moja tu, sema alikupa, twende tukapike."

Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimechubuliwa na debe. Nilitaka. Mungu wangu anajua nilivyotaka.

"Sikupewa. Nilichukua mwenyewe."